Sijui, na bado naomba dua

Tulipomzika bibi hapa Lindi, nilisimama safu moja na wajomba zangu kwenye sala ya jeneza, mikono kifuani, nikitamani kwa moyo wote pawe na anayesikia. Uhakika sikuwa nao.

Usiku wa matanga mjomba aliniita barazani. "Mjomba, nasikia siku hizi huamini." Nikamwambia sijasema Mungu hayupo, nimesema sijui. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi wadogo zako usiwaambie."

Iliniuma, kwa sababu kwetu anayesema sijui huhesabiwa pamoja na anayekana. Thomas Huxley, mwanasayansi Mwingereza aliyebuni neno agnostiki mwaka 1869, alimkusudia mtu asiyedai kujua asichoweza kukithibitisha. Anayekana ameshahukumu. Mimi nimepiga hodi, ningali mlangoni.

Wala shaka yangu sikuiokota Ulaya. Ilianzia Tendaguru, huku huku Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimbisha pale mifupa ya dinosaria, wapagazi wetu wakaibeba vichwani mpaka bandarini, ikaenda Berlin. Ina miaka kama milioni 150. Nilipofundishwa hayo shuleni sikulala: miaka yote ile, kabla hajatokea hata mtu mmoja wa kuinua mikono, dua ilikuwa ya nani? Lakini mifupa hiyo hiyo ndiyo inayonizuia kusema hakuna kitu. Ukubwa ule, muda ule, halafu niseme vimejizukia tu? Ulimi unakataa.

Sheikh aliyenisomesha chuoni, mtu mwenye elimu kweli kweli, kila akimaliza darasa alisema Wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Naona alituachia nafasi pale, hata watu wa namna yangu.

Bibi naye. Nilikuwa mdogo, yeye amekaa kwenye mkeka anabangua korosho za kuchoma, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda. Nikamuuliza Mungu anakaa wapi. Akagonga ganda, akapuliza majivu, akanitia korosho kiganjani ikiwa bado ya moto.

"Kula kwanza, mume wangu. Hilo hata mimi nitaliuliza nikifika."

Kila usiku wa kuamkia Ijumaa namsomea Fatiha. Nikishamaliza nakaa kimya kidogo, kama mtu anayesubiri kujibiwa.