Mpimaji wa Kunduchi

Mteja alitaka picha ya bahari ya Kunduchi, Dar es Salaam, alfajiri, kisiwa cha Mbudya kikionekana kwa mbali, "na asiwepo mtu hata mmoja." Watu wa hoteli wanapenda pwani tupu. Sasa Kunduchi ina wavuvi wanaorudi na mapambazuko, na akina mama wachuuzi wanaowasubiri na ndoo zao. Pwani tupu hapo utaipata wapi?

Ujanja upo. Unafunga filta nyeusi mbele ya lenzi, shata inakaa wazi hata sekunde 30, na mtu anayepita hatokei pichani. Mawimbi nayo yanageuka ukungu. Sharti ni moja: watu wasisimame. Tena uwahi, maana huku karibu na ikweta jua likishaanza kupanda halikusubiri.

Basi kabla ya saa 12 nimeshasimika tripodi. Maji yamekupwa, nimeyafuata hukohuko yalikokimbilia. Nimevaa kizibao cha kung'aa nilichonunua Kariakoo ili malori ya Barabara ya Bagamoyo yanione gizani. Nimefumba jicho moja. Shata ikafunguka.

"Jamani eeeh! Wamekuja kupima!"

Aliyeziona X nyekundu za bomoabomoa kwenye nyumba za Jangwani na Kimara hasubiri kuelezwa maana ya miguu mitatu na kizibao. Sekunde 30 hazijaisha, mbele ya lenzi umesimama mtaa mzima. Na walisimama kweli, hakuna hata aliyejikuna.

"Shikamoo mzee," nikamwahi mmoja aliyevaa msuli.

"Marahaba. Zile mita 60 za sheria, za kutojenga karibu na bahari, mnazihesabu kuanzia wapi, maji yakijaa au yakikupwa?"

"Mzee, mimi napiga picha za mandhari."

"Hata wale wa kwanza walisema wanapiga picha tu."

Akaitazama tripodi, akageuka kuzitazama nyumba, akairudia tripodi. Nikaona uso unakunjuka. Kutoka pale nilipo, mita 60 zinaishia mchangani, hazigusi hata banda la kuku.

"Pima hapohapo, mwanangu! Usisogee!"

Tangu hapo nikawa mtu wao. Nililetewa chai ya tangawizi na vitumbua. Vijana wakaizunguka tripodi isije ikatikiswa. Mmoja akatumwa na bodaboda kumfuata mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aje ashuhudie kwa macho yake.

Maji nayo yakaanza kujaa. Vifundoni. Magotini. Kamera yenyewe bado nailipia! Kila nikiushika mguu wa tripodi, mikono chungu nzima inanishika mimi: "Taratibu, mhandisi, mwenyekiti yuko njiani."

Mwenyekiti alifika maji yakiwa kiunoni. Akakunja suruali, sijui kwa faida gani, akaingia, akaandika kwenye daftari aliloliinua usawa wa macho. Nikatakiwa kusaini. Nikasaini, na wewe ungefanyaje? Kijana mmoja akapiga mbizi kuchomeka kijiti pale ulipokuwa mguu wa mbele, watu wakapiga vigelegele.

Mteja aliikataa picha. Bahari imetulia vizuri, Mbudya ipo, rangi zipo, na katikati ya ukungu umati umenikazia macho kama wakwe wanaosubiri mahari.

Simu ndiyo hainyamazi. Jana kapiga mama mmoja, hata salamu hakunipa: "Mhandisi, sisi wa Ununio mbona mmeturuka? Njoo, lakini uje maji yakikupwa."