Sarafu moja ingetosha

Nilipoondoka nyumbani nilijiona bingwa wa mkengeuko sanifu, kile kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake. Nipe namba 20, nitachora jedwali, nitoe wastani, nizidishe kila tofauti kwa yenyewe, nijumlishe, nigawanye, nitafute kipeuo cha pili. Jibu hadi desimali 4. Huku ughaibuni, wiki ya kwanza tu, mwalimu akaniuliza: "Sasa hiyo namba inakuambia nini kuhusu data zako?" Nikatoa macho. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kisha akatugawa makundi mawili, akatoka nje. Kundi moja lirushe sarafu mara 100 na kuandika matokeo. Jingine, letu, litunge matokeo kichwani. Aliporudi hakuhitaji hata dakika moja kuiokota karatasi ya uongo. Tulikuwa tumechanganya pande zetu kwa adabu, tukaogopa kuandika kichwa hata mara 4 mfululizo. Sarafu haiogopi. Katika mirusho 100, upande mmoja kujirudia mara 5 au zaidi mfululizo ni jambo la kutarajia. Ukikosekana ndipo ushangae. Na ukirusha mara 10, kupata vichwa 5 kamili hutokea takriban mara 1 tu kati ya 4. Nilikuwa na kanuni ya hilo kwenye daftari tangu zamani, ila sikuwahi kuliamini.

Msidhani huku ni peponi, lakini. Siku hizi kompyuta hurusha sarafu mara 10,000 kufumba na kufumbua, na wanafunzi huitazama grafu kama wanaotazama mvua dirishani. Waulize: ili kosa la wastani wa sampuli, yaani wa data chache zilizochotwa kuwakilisha zote, lipungue kwa nusu, data ziwe mara ngapi ya zile za mwanzo? Wengi watasema mara 2. Ni mara 4, kwa kuwa kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya data. Hapo ndipo jasho langu la nyumbani lilinilipa: aliyetafuta vipeuo kwa mkono hadi vidole vikauma haoni ajabu kwamba 4 inazaa 2.

Rafiki yangu anayefundisha nyumbani aliniambia anasubiri maabara ya kompyuta ndipo abadilishe somo. Nikamwambia asisubiri. Aingie na sarafu, na kabla haijarushwa kila mwanafunzi aandike kisio lake. Kwa kalamu ya wino, asije akafuta.