Njoo nyumbani, au tukutane mjini?

Krismasi na Idi zikikaribia, simu za Kampala hujaa salamu zilezile: "Ndugu yangu, umepotea sana! Tuonane lini?" Kuonana wote wanataka. Ubishi huanza kwenye mahali. Mmoja anasema njoo nyumbani. Mwingine anasema tukutane mjini, tule, tupige soga, kila mtu arudi kwake mapema. Wa kwanza humwona wa pili ana maringo, na wa pili humwona wa kwanza amesahau foleni ya Jinja Road.

Nimesikia ubishi huu ukiendeshwa kama suala la tabia njema, kwamba anayekwenda nyumbani kwa mwenzake ana utu na asiyekwenda hana. Mimi nauona kwanza kuwa suala la nauli, na nani amezoea kuilipa.

Tuanze na wapi watu wanalala. Sensa ya 2014 ilikuta watu kama milioni 1.5 Kampala, na kama milioni 2 katika wilaya ya Wakiso inayoizunguka. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2024 ilikuta Kampala ina takriban milioni 1.8, na Wakiso takriban milioni 3.4. Jiji lenyewe limeongezeka kidogo, pembezoni pamefurika. Na sensa humhesabu mtu alikolala, si anakouza viatu au anakokaa ofisini. Yule rafiki uliyezoea kumkuta Nakulabye kwa dakika kumi za miguu leo yuko Kyengera, Matugga, Kasangati au Bweyogerere. Kodi imemsukuma, au amepata kiwanja, akajenga vyumba viwili, akahamia kabla ya plasta. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalijua hili vizuri. Wakongo waliozoeleka Katwe na Nsambya utawakuta pia Masajja na Ndejje. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi nchini, lakini mgao wa chakula hutolewa katika makazi kama Nakivale na Kyangwali. Anayechagua jiji kwa kawaida hujilipia mwenyewe, kwa hiyo hukaa pale kodi inapomruhusu.

Sasa tusikilize upande wa "tukutane mjini", maana una hoja nzito kuliko watu wanavyokubali. Barabara za Kampala zimetoka katikati kama spoku za baiskeli: Masaka Road kupitia Nateete, Hoima Road kupitia Nansana, Bombo Road kupitia Kawempe, Gayaza Road kupitia Kalerwe, Jinja Road kupitia Kireka. Taksi zetu, zile za abiria 14 zenye mstari wa bluu ubavuni, zimefuata mpango huohuo, nyingi zikianzia na kuishia kwenye paki za katikati. Mtu wa Kyengera anayekwenda kumwona mwenzake wa Kira kwa kawaida huingia mjini, hushuka, huvuka umati, hupanda taksi nyingine na kusubiri ijae, na Jumapili mchana hujaa polepole hasa. Northern Bypass, kilomita kama 21 kutoka Busega hadi Bweyogerere, imemrahisishia mwenye gari. Asiye na gari bado hufanya hesabu ya bodaboda kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Ikiwa wote wawili wanaishi nje ya jiji, basi, katikati ni nusu ya njia kwa kila mmoja. Hapo sioni maringo yoyote.

Halafu kuna kurudi. Mwenyeji hukuambia "bado mapema" hadi saa mbili usiku, wakati taksi zimepungua, kondakta amepandisha bei, na kutoka kwake hadi stegi, yaani kituo cha taksi, kuna giza la mwendo wa robo saa. Mvua ikinyesha, nauli ya bodaboda hupanda papo hapo, udongo mwekundu wa Wakiso hukuvua viatu, na mabonde kama Bwaise hujaa maji. Mwanaume husimulia hayo kwa kicheko. Mwanamke huyapanga kabla hajatoka nyumbani, na mara nyingi ndiyo sababu anasema hapana.

Hoja iliyo ngumu zaidi kwangu inamhusu mwenyeji mwenyewe. Mgeni ni gharama. Utaratibu wetu haumruhusu mtu kumkaribisha mgeni kwa maji matupu. Patatafutwa soda, mchele, nyama, pengine kuku, hata kwa kukopa dukani. Na anayepika ni nani? Mama anayefungua kibanda chake soko la Owino siku sita, akapata Jumapili moja, anaimalizia jikoni kwa ajili ya rafiki wa mumewe. Yeye hakuulizwa kama tukutane mjini au nyumbani. Juu ya hayo, watu wengi wanaishi kwenye mizigo, vile vyumba vya kupanga vilivyopangwa safu, kitanda nyuma ya pazia, choo cha pamoja, jirani anasikia kila neno. Mtu akikwepa kukualika, huenda anaficha chumba chake, na ana haki hiyo.

Kwa nini basi bado naegemea upande wa kwenda?

Kwa sababu usawa ule wa "katikati" mara nyingi ni wa ramani tu. Katika urafiki mwingi ninaoufahamu, mmoja anaishi Ntinda au Kololo, au ana gari, au kazi yake iko hatua chache kutoka kwenye mgahawa mnaokutania. Mwingine anatoka Buloba. Mkikutana mjini, wa kwanza ametembea kidogo tu, wa pili amelipa nauli kwenda na kurudi, kisha analipa bei ya mjini kwa sahani ya wali ambayo kwao angeila kwa nusu. Huyo huyo ndiye anayeingia mjini Jumatatu hadi Jumamosi kutafuta riziki. Kumwita tena siku ya saba kwa jina la urafiki ni kumtoza mara mbili. Ukiangalia ni nani husema "mjini ni rahisi kwa wote", mara nyingi ni yule wa karibu.

Kisha kuna mambo ambayo mgahawani hayasemwi. Mjini mtu huja amevaa vizuri na habari zake zimepigwa pasi: kazi ipo, watoto hawajambo. Nyumbani unaona kwamba mtoto hayuko shuleni katikati ya muhula. Unaona tofali za kumalizia zimeota majani. Unaona pia mazuri ambayo hakuwahi kujisifia, migomba aliyoipanda, mama mzee anayemtunza, majirani wanaomwita kwa heshima. Na mazungumzo yenyewe, kwa uzoefu wangu, hufika kwenye kiini wakati wa kusindikizwa. Ndani kuna watoto, televisheni na sahani. Njiani kwenda stegi mnatembea bega kwa bega, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na ndipo deni, ugonjwa au ugomvi wa ndoa hutajwa. Mgahawa wa mjini hauna safari hiyo. Mnaachana mlangoni na kila mmoja anakimbilia taksi yake.

Wazee wengine wanasema hata simu ya kutoa taarifa ni ugeni, kwamba rafiki wa kweli huja tu. Siwafuati. Kuja ghafla kulifaa wakati shamba lilikuwa nyuma ya nyumba na ndizi hazinunuliwi. Lakini taarifa ya wiki nzima nayo ina madhara, kwa kuwa inampa mwenyeji muda wa kukopa. Simu ya asubuhi ya siku hiyohiyo inatosha kujua kama yupo, na inachelewa kidogo kwa kuku. Mgeni aje na mfuko wake: sukari, mkate, sabuni, kilo ya nyama akiweza, na aondoke jua lingalipo bila kusubiri ruhusa. (Na akipotea njiani, aanze kuuliza kwa Kiganda, "Ssebo" (bwana) au "Nnyabo" (bibi). Kuna mitaa ambako Kiswahili cha mgeni bado huwakumbusha watu askari waliokizungumza, ingawa tangu marekebisho ya katiba ya 2005 ni lugha rasmi ya pili.)

Kwa rafiki anayeficha chumba chake, naona kuna njia ambayo pande zote mbili hazijaitazama: nenda mtaani kwake bila kwenda nyumbani kwake. Kyengera, Kireka, Nansana, Kawempe, zote zina stegi zenye uhai hadi usiku, nyama ya kuchoma, chapati za mayai, chai. Nauli umelipa wewe, mkewe hajaamka kupika, pazia halijafunguliwa. Yeye yuko kwao, anasalimiwa na watu wake, na kama anataka kukufikisha mlangoni atakufikisha. Njia hii inakwama kwenye mitaa mipya ya Kira na Namugongo yenye kuta na mageti, ambako kilomita nzima hupati hata benchi la kukalia. Huko ama mtu akufungulie geti, ama mrudi kwenye ubishi wa mjini, na safari hii mwenye gari ndiye amfuate mwenzake.