Tulivyokamatwa na Mti wa Mgeni Rasmi

Dodoma si mji unaobembeleza miche. Mvua yake haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufunga na vumbi hushika zamu hadi karibu mwisho wa mwaka. Kwa sababu hiyo sisi vijana wa kujitolea wa mtaa mmoja upande wa Nzuguni, tulioanza kupanda miti baada ya kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani kuzinduliwa mwaka 2017, tulikuwa na kanuni moja tusiyoivunja: mche uingie ardhini mara tu mvua za kwanza zinapolowesha udongo. Mwaka ule kanuni hiyo ilishindwa na ratiba ya mgeni rasmi. Shughuli iliahirishwa, ikaahirishwa tena, hadi ikaangukia Aprili 1, ambayo kwa bahati nzuri ni Siku ya Kupanda Miti Kitaifa na kwa bahati mbaya ni Siku ya Wajinga.

Mashimo tulikuwa tumekwisha kuyachimba, sentimita 60 upana na 60 kwenda chini, udongo wa juu tukautenga na wa chini, samadi iliyooza vizuri tukaichanganya na ule wa juu. Mgeni alifika saa saba na nusu mchana, saa ambayo hakuna mche duniani unaotamani kupandwa, akiwa amevaa suruali nyeupe. Tulikuwa tumemtengea mwarobaini ulionyooka kuliko yote, na mwenzetu mmoja alisimama kando akiwa na wembe wa kuchania kiriba, ule mfuko wa nailoni unaobeba mche na udongo wake. Kabla mwenzetu hajafungua kinywa, mgeni aliunyanyua mche, akautumbukiza shimoni na kiriba chake, akasukumia udongo kwa ncha ya kiatu, kamera zikamzunguka. Mwenye wembe alipojaribu kusogea ili arekebishe mambo, walinzi wa msafara walimtazama yeye, wakautazama wembe, na hoja yake ikafa papo hapo.

Aliyewahi kulea miti anajua maana ya jambo hilo. Mizizi iliyofungiwa ndani ya nailoni hujizungusha humo humo bila kushika ardhi, mti hudumaa, na kiangazi kikikolea hukauka ukiwa umesimama. Tena huu ungekaukia kando ya barabara, chini ya kibao chenye jina la mheshimiwa, na hakuna ambaye angeuliza habari za kiriba; wangeuliza vijana wa mazingira walikuwa wapi. Kuutoa mchana, macho ya watu yakiwa wazi, kungekuwa kujitafutia balaa. Tukakubaliana twende usiku huo huo, tuutoe taratibu, tuchane kiriba, tuurudishe, tuumwagilie, kisha kila mtu akalale.

Kazi ilikuwa ikienda vizuri. Kibao tulikuwa tumekilaza pembeni kwa heshima, mwenzangu alikuwa ameshika jembe, nami nilikuwa nimepiga magoti nikiwa nimeukumbatia mche na bonge lake la udongo, ndipo mwanga wa tochi uliponipiga usoni. Alikuwa mzee wa ulinzi shirikishi wa mtaa wetu, mtu ambaye hatukumbuki kumwona akiwa macho usiku wowote kabla ya huo.

“Shikamoo, babu,” nilisema, maana malezi hayajui saa.

“Marahaba. Weka mti wa mheshimiwa chini.”

“Babu, tunautoa ili tuurudishe.”

“Kila mwizi hurudisha akishakamatwa,” akajibu, akapuliza filimbi.

Nimehudhuria mikutano mingi ya mtaa iliyovunjika kwa kukosa akidi, lakini usiku ule, kwa filimbi moja tu, akidi ilitimia na kuzidi. Walikuja na marungu, na tochi za simu, na maneno ya kila aina. Mama mmoja alidai kwamba ndivyo walivyoibwa hata mbuzi wake. Mwenyekiti wa mtaa alifika akiwa amejifunga kanga ya mkewe, akataka ushahidi. Nikachana kiriba mbele yake, nikamwonyesha mizizi ilivyokuwa imebanwa ndani.

Akakishika kiriba kile kwenye mwanga wa tochi, akakigeuza. “Nani aliupanda na nailoni?”

Watu wakakitazama kibao kilicholala pembeni. Mwenyekiti naye akakitazama, na nikaona jinsi swali lake lilivyoanza kumwelemea mwenyewe. Alikohoa, akakunja kiriba na kukipachika kwenye pindo la kanga, kisha akatangaza kwamba alichokifanya mtaa usiku ule ni ukaguzi wa maendeleo ya mti. Tukaupanda upya hapo hapo, mwenyekiti ameshika shina ili lisiiname, tukautengenezea kisahani cha kutunzia maji na kuutandikia majani makavu, watu wakiwa wengi kuliko wa mchana.

Babu hakuridhika. Kwake ukaguzi ulikuwa ukaguzi na wizi ulibaki wizi, hivyo akatutoza dhamana: kila jioni mmoja wetu aripoti kwake pale kwenye mti akiwa na dumu la lita ishirini, hadi mvua zirudi. Miti mingine ya safu ile, ambayo haikuwa na kesi, tuliimwagilia tulipopata nafasi, na mbuzi wakaimaliza walipopata yao.

Mvua zilizofuata, mgeni rasmi alipita tena, akausimamia mwarobaini wake uliokuwa umemzidi kimo, akaushika shina na kuwaambia waandishi kwamba mkono wake una baraka.

“Kweli kabisa, mheshimiwa,” babu akadakia, akitunyooshea rungu sisi tuliosimama nyuma na madumu yetu. “Na hawa ndio waliotaka kuung’oa.”