Ushindi wa 300 wa Randy Johnson ulikuwa wa nani?

Jioni ya tarehe 4 Juni 2009, mjini Washington, Randy Johnson, mrushaji wa mpira katika mchezo wa besiboli, alikuwa amekaa benchi, mkono wake ukiwa umeshamaliza kazi, huku ushindi wa 300 wa maisha yake ukining'inia katika mkono wa mtu mwingine. Mechi ilikuwa imeahirishwa siku moja kwa sababu ya mvua, na viti vingi uwanjani vilikuwa vitupu. Johnson, aliyekuwa na umri wa miaka 45, aliirushia timu yake, San Francisco Giants, ngwe 6 kati ya zile 9 za mechi, akaruhusu mapigo mawili tu, kisha akatoka timu yake ikiongoza kwa pointi 2 kwa 1. Katika ngwe ya nane wenyeji walijaza besi zote tatu, yaani walikuwa na mkimbiaji kwenye kila kituo. Mrushaji wa akiba, Brian Wilson, akabaki uso kwa uso na Adam Dunn, mpigaji mwenye nguvu za kutisha, na hesabu ikafika mahali ambapo mpira mmoja tu uliopotoka ungempa Dunn besi ya bure, ukamsukuma mwenzake kufunga pointi, ukaisawazisha mechi na kumnyang'anya Johnson ushindi wake. Wilson alirusha, Dunn hakupiga, na mwamuzi akatangaza straiki ya tatu, iliyomtoa Dunn. Giants waliongeza pointi 3 katika ngwe ya tisa, wakashinda 5 kwa 1, na Johnson akawa mrushaji wa 24 katika historia ya ligi kuu ya Marekani kufikisha idadi hiyo. Tangu siku ile hakuna mwingine aliyeifikia.

Nimeianza hoja kwa tukio hilo kwa sababu ndani yake mna ubishi wote unaouzunguka ushindi wa mrushaji. Kanuni inasema kwamba mrushaji aliyeanza mechi hupewa ushindi iwapo amemaliza angalau ngwe 5, ametoka timu yake ikiongoza, na uongozi huo haukupotea hadi mwisho. Wapinzani wakisawazisha hata mara moja baada ya yeye kutoka, ushindi huandikwa kwa mwingine. Kwa msomaji aliyezoea soka, ni kama kuandika ushindi wa timu nzima kwenye jina la kipa na kumpima kwa hesabu hiyo, ilhali mabao yanatakiwa yafungwe na washambuliaji asiowaamrisha.

Wanaotaka hesabu hii iachwe wana hoja nzito, na ushahidi wao ulio bora zaidi unatoka katika maisha ya Johnson mwenyewe. Mwaka 1999, akiwa na Arizona Diamondbacks, alipoteza mechi mbili kwa 1 kwa 0 katika muda wa siku kumi, zote mbili dhidi ya José Jiménez wa St. Louis, na katika ile ya kwanza wenzake hawakupata hata pigo moja. Mwaka 2004 hali ilikuwa mbaya zaidi. Akiwa na miaka 40 aliruhusu wastani wa pointi 2.60 kwa kila ngwe 9, akawaondoa wapigaji 290 kwa straiki, na mwezi Mei, mjini Atlanta, akawatoa wapigaji wote 27 mfululizo bila hata mmoja kufika besi ya kwanza. Timu yake ilishinda mechi 51 na kupoteza 111. Hesabu ya Johnson ikawa ushindi 16 na kushindwa mara 14, na Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa msimu, ikaenda kwa Roger Clemens wa Houston, ambaye wastani wake ulikuwa 2.98 lakini alishinda 18 na kushindwa 4. Naamini Johnson alidhulumiwa mwaka ule. Wapiga kura waliutazama wema wa wapigaji wa Houston wakadhani wanautazama mkono wa Clemens.

Fikra imebadilika tangu hapo. Félix Hernández wa Seattle alipewa tuzo hiyohiyo mwaka 2010 akiwa ameshinda mara 13 na kushindwa mara 12, na mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets aliipata kwa ushindi 10 tu, kwa kuwa kila aliyetazama wastani wake wa 1.70 alijua kosa halikuwa lake. Kwa kipimo cha msimu mmoja, kesi imekwisha na sioni sababu ya kuifufua.

Lakini msimu mmoja na miaka 22 si kitu kimoja, na hapa ndipo ninapotengana na wale wanaotaka kuifuta hesabu hii kabisa. Bahati inayompendelea mtu mwaka huu humgeuka mwaka ujao. Mtu hawezi kubebwa na wapigaji wa timu sita tofauti mpaka akafika 300. Kinachobaki ni uvumilivu wa mwili na imani ya makocha walioendelea kumkabidhi mpira. Johnson alipomaliza msimu wa 1992, akiwa ametimiza miaka 29, alikuwa na ushindi 49 tu, na alikuwa akisifika kwa kasi na kwa kuwapa wapigaji besi za bure. Zaidi ya ushindi 250 aliupata baada ya umri ambao wengi huanza kushuka, tena kati yake akifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 1996. Hakuna wastani wa pointi unaoweza kunisimulia hayo kwa tarakimu moja. Early Wynn naye alikwama kwenye 299 tangu Septemba 1962, akaifikia 300 mwezi Julai mwaka uliofuata, akiwa na miaka 43, katika mechi aliyodumu ngwe 5 tu. Ushindi wenyewe haukuwa mzuri, na hakushinda tena. Ila miaka zaidi ya ishirini iliyoutangulia haikuwa ya kubahatisha.

Tena tusisahau nani hakuruhusiwa kuhesabiwa. Satchel Paige alirusha kwa miaka mingi katika ligi za Weusi kwa sababu ligi kuu ziliwafungia mlango, akaingia Cleveland mwaka 1948 akiwa na miaka 42. Takwimu za ligi zile zimeunganishwa rasmi na za ligi kuu mwaka 2024, lakini mechi nyingi hazikuwekewa kumbukumbu. Orodha ya watu 24 inaheshimika, nami naiheshimu, ila ni orodha ya waliopewa nafasi.

Nafasi hiyo sasa inapungua kwa sababu nyingine. Cy Young mwenyewe, mwenye ushindi 511, alimaliza mechi 749 alizoanza. Johnson alimaliza 100, na kwa warushaji wa leo kumaliza hata mbili kwa msimu ni habari. Wengi hutolewa kabla wapigaji walewale hawajakabiliana nao mara ya tatu katika mechi moja. Mwaka 2018 Ryan Yarbrough wa Tampa Bay alipata ushindi 16 ilhali alianza mechi 6 tu, kwa kuwa timu yake ilimtanguliza mtu mwingine kwa ngwe ya kwanza kisha yeye akaingia. Wapo wanaosikitika kwamba mchezo umepoteza mashujaa wa kumaliza walichokianza. Nawaelewa, ila timu hazifanyi hivyo kwa uvivu: mrushaji mpya, mwenye nguvu, hupigwa kidogo kuliko aliyechoka, na siwezi kumlaumu kocha anayetaka kushinda mechi ya leo.

Gharama ya kweli huonekana Cooperstown, kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Johan Santana, mwenye tuzo mbili za Cy Young na ushindi 139, alitupwa nje ya orodha mwaka 2018 katika jaribio lake la kwanza kwa kukosa hata asilimia 5 ya kura. CC Sabathia, mwenye tuzo moja na ushindi 251, aliingia mwaka 2025 mara tu alipostahiki. Sabathia alistahili. Santana, ambaye bega ndilo lililomkatisha, alistahili angalau kujadiliwa kwa miaka michache.

Kwa sasa anayetazamwa ni Justin Verlander. Mwaka 2025, akiwa na Giants haohao, alianza mechi 16 bila ushindi hata mmoja, akaupata wa kwanza mwezi Julai mjini Atlanta, na akamaliza msimu akiwa na miaka 42 na jumla ya 266. Nitafurahi sana akifika 300. Lakini tuzo zake tatu za Cy Young, ikiwemo ya 2022 aliyoipata akitoka kwenye upasuaji wa kiwiko, zimeshamaliza swali lake, na mpiga kura anayemngojea kwenye ile 34 iliyokuwa imebaki mwisho wa msimu huo anangojea wapigaji wa timu yake.