Fremu za Kupakua Zisizoingia Picha

Fremu na mapambo ya albamu tunayopakua bure mtandaoni mengi yamechorwa kwa karatasi ya Marekani, Letter, yenye mm 216 kwa 279. Hapa Kampala mashine za kuchapisha zina karatasi ya A4, mm 210 kwa 297. Sasa kijana wa kompyuta dukani, bila hata kuuliza, anaacha alama kwenye "Fit", yaani bana uingie kwenye karatasi, na ukurasa mzima unasinyaa hadi asilimia 97 hivi. Kidogo tu, eti! Fremu ya picha ya sm 10 kwa 15 inatoka na sm 9.7 kwa 14.6, picha haiingii, na hela ya karatasi ya pili unatoa wewe.

Mwambie mapema achague "Actual size", yaani ukubwa halisi, atoe ukurasa mmoja kwenye karatasi ya kawaida, kisha upime kwa rula palepale kaunta. Pembeni zitakatika mm 3 kila upande, lakini huko mara nyingi ni peupe. Ndipo aweke manila, ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Nene zaidi ya hapo printa ndogo nyingi zinakwama.

Na wale wanaopakua kile kipicha kidogo cha mfano badala ya faili ya PDF, mnategemea nini? Pikseli 600 zinatosha sm 5 tu za kuchapisha vizuri. Ukikivuta kijaze ukurasa, maua yanageuka vijisanduku. Gundi ya maji nayo isiguse wino wa inkjet, printa ya kunyunyiza wino, utatapakaa. Tumia selotepu ya pande mbili.