ME ya Hisabati inamaanisha nini hasa?

Mpwa wangu ako gredi ya 5, na juzi nilishika ripoti fomu yake nikaisoma mara mbili nikitafuta habari. Hisabati ME, Kiingereza ME, Kiswahili ME, Sayansi AE, zingine zote ME. Kwa wasioishi na CBC nyumbani, yaani mtaala wa sasa wa Kenya, ngazi ni nne: EE ni "kuzidi matarajio", ME ni "kufikia matarajio", AE ni "kukaribia matarajio", na BE ni "chini ya matarajio". Chini mwalimu ameandika "amejaribu, aongeze bidii", basi.

Nikamwambia haya lete daftari, tugawanye 864 kwa 12. Akachora ile nyumba ya kugawanya vizuri kabisa, akasema 12 kwa 86 inaingia mara 7, ni 84, akatoa akabaki na 2, alafu hapo pa kushusha 4 akaganda. Akaandika jibu ni 7, baki 2. Nikamuuliza, sasa ukiwa na mayai 864 uyapange kwa dazeni, utapata dazeni saba tu? Akacheka. Alijua papo hapo kuna kitu hakiko sawa, shida ni hakujua kimeharibikia wapi.

Hicho kicheko ndio kimenifanya niandike, manake nikiwa darasa la tano mimi nisingecheka. Ningeshusha 4 bila kufikiria, nipate 72, na ungeniuliza habari ya mayai ningekuangalia tu. Sisi wa 8-4-4, ule mfumo wa kabla ya CBC, tulifundishwa hatua, tukazikariri na fimbo ikiwa karibu, na mwisho wa muhula unaambiwa umekuwa nambari 37 kati ya 52. Watu wanaikumbuka hiyo enzi vizuri sana siku hizi, wanasema angalau ulijua umesimama wapi. Ulijua nyuma ya nani, ndio! Lakini mamangu hakuwahi kuambiwa kama nimeshindwa na sehemu au na vipimo, nambari 37 haikuwa na hiyo habari, na kazi yake kubwa ilikuwa kuniharibia likizo.

Kwa hivo mimi siko kwa lile kundi linalosema turudishe namba na KCPE, ule mtihani wa mwisho wa darasa la nane. Ile ilianza 1985 ikaisha 2023, na kwa miaka hiyo yote darasa la nne, la tano, la sita zilikuwa foleni tu ya kuelekea ule mtihani. Malengo ya sasa ukiyasoma kwenye mtaala wa KICD, taasisi inayoandika mitaala, yana akili. Kila mada ndogo inaanza na "kufikia mwisho wa mada, mwanafunzi aweze", alafu vitendo vinafuata: kutambua, kusoma kwa ufasaha, kuandika insha, kuchangamkia. Hapo kwa kuchangamkia mwalimu anapima na nini sijui, lakini hayo mengine ni vitu vinaonekana kwa macho. Hata wingi wa masomo umeshughulikiwa, ile kamati ya Profesa Munavu ya 2023, iliyoundwa na rais kuangalia mageuzi ya elimu, ilipendekeza gredi za 4 hadi 6 zishuke kutoka masomo 12 hadi 8, na ilikuwa haki, kwa sababu kila somo lilikuwa na projekti yake na kila projekti ilikuwa na manila, gundi na safari ya saiba kuprinti saa mbili usiku.

Sasa upande ule mwingine, na huu ndio unaniuma zaidi. Ukisema lengo ni "aweze", lazima kuna siku mtu anakaa na huyo mtoto mmoja aone kama anaweza, na darasa la watoto 60 mwalimu ni huyo mmoja, masomo ni karibu yote, juu yake kuna asesmenti za kupakia kwa tovuti ya KNEC, baraza la mitihani. Atafanya nini? Ataweka ME. ME haileti maneno, mzazi hakuji shuleni kwa sababu ya ME. Na usifikirie ni kitu kidogo, ripoti ya 2021 ya Usawa Agenda, shirika linalopima kama watoto wanajifunza, ilipata ni kama watoto 2 tu kwa kila 5 wa gredi ya 4 waliweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha gredi ya 3. Hao wengine watatu ripoti fomu zao ziliandikwa nini?

Alafu mtihani wa KPSEA wa gredi ya 6 ni wa kuchagua jibu, hautakuambia mtoto aliganda hatua gani. Matokeo yake yanahesabiwa asilimia 20 huko mbele kwa KJSEA, mtihani wa gredi ya 9, ambako hizi ngazi nne zimegawanywa zikawa nane, EE1, EE2 hadi BE2, na pointi juu yake. Hata wenye mfumo waliona nne hazitoshi. Lakini kukata ME vipande viwili bado hakuniambii habari ya ile 4.

Nilienda shuleni, sio kugombana. Mwalimu akatoa faili, akapitisha kidole kwa jina la mtoto, na ilikuwa hapo: thamani ya nafasi ME, kujumlisha EE, kugawanya kwa tarakimu mbili AE. Yaani habari ipo! Mwalimu ameiandika kwa mkono wake, ikachanganywa pamoja ndio tukaletewa herufi moja ya somo zima. Mimi hata sitaki mtaala mpya, nataka mistari kama ule wa kugawanya ifike nyumbani, ya Hisabati na ya kusoma pekee, hizo projekti zingine wakae nazo.

Na hiyo ME ya thamani ya nafasi ilinishangaza. Ukimwandikia 345,678 atakuambia 4 iko makumi elfu bila kusita, ndivyo alivyoulizwa na ndivyo alivyopita. Nikarudi nyumbani nikamwonyesha ile 2 iliyobaki, nikamuuliza hii ni mayai mangapi? Akasema mawili. Iko nafasi gani? Akaangalia kidogo, akasema makumi, alafu akanyamaza, akashusha 4 mwenyewe bila kuambiwa.